Ngome ya wachimbaji: nini inabaki siku mine inafungwa?

Bandugu wa kazi, bamama na watoto wa kampi, leo tunawaletea habari ya mahali mbali na Katanga, lakini panatuhusu sana. Ni ngome ya zamani inayoitwa Rocca San Silvestro, karibu na muji wa Campiglia Marittima, jimbo la Toscana, inchi ya Italia. Tulienda kuitembelea, sisi wadelege wachache wa sendika, kwa sababu tulisikia kama haikujengwa juu ya vita tu. Ilijengwa juu ya mine.

Kufika kule ni kupanda mulima kwa miguu. Juu kabisa, pa mwamba, njo kulikuwa nyumba ya bwana na munara wake. Chini yake ziko nyumba za wachimbaji na wayeyushaji, ndogo-ndogo, za mawe, na ukuta unazunguka zote. Mutu aliyekomalia mu kampi atatambua mupango huo mara moja: mukubwa juu, watumikaji chini.

Ngome ilianza karibu mwaka 1000, chini ya jamaa ya wakubwa, wakina Gherardesca. Ndani ya mulima mulikuwa shaba, risasi, na fedha iliyochanganyika na risasi. Wachimbaji walishuka mu mashimo membamba na nyundo na vyuma vya kutobolea. Mawe yalivunjwa, yakachaguliwa, yakaingia mu tanuru. Kisha risasi ilichomwa tena na upepo wa mivuba mpaka ikageuka kama majivu, na fedha ikabaki peke yake. Ilipelekwa kutengeneza pesa za Lucca na Pisa. Sisi tunajua kama moshi wa risasi ni sumu. Na kule, watoto walilala karibu na tanuru.

Siku zile za zamani, huku kwetu pia wazee walikuwa wanayeyusha shaba na kuitengeneza misalaba. Kazi hii haikuletwa na mugeni.

Ndani ya ukuta tuliona kanisa, makaburi, tanuru ya mikate, mahali pa kukamua mafuta ya zeituni, na tanki ya maji ya mvua. Kila kitu karibu! Lakini tulijiuliza: mutu anayekaa chini ya munara wa bwana, anakula mukate wa tanuru ya ndani ya ukuta wa bwana, atapata wapi nguvu ya kusema hapana? Wazee wetu waliokula posho wanajua jibu.

Kisha Pisa ikapata fedha nyingi ya Iglesias, mu kisiwa cha Sardinia. Mu miaka ya 1300 watu wakatoka, mumoja mumoja, ngome ikabaki na majani. Mine zilifunguliwa tena nyuma, mu miaka ya 1500, tena karibu na 1900, mwisho zikafungwa mu miaka ya 1970.

Lakini hawakuacha kila kitu kianguke. Mu 1984, watu wa université ya Siena, pamoja na Riccardo Francovich, walianza kuchimba ile ngome. Leo ni parke. Treni ndogo inapitisha wageni mu galeri ya Lanzi-Temperino, ile ilikuwa ya kupitisha mawe. Mulima umeisha madini, lakini bado unatoa kazi kidogo.

Bandugu, madini haizae mara mbili. Code minier ya 2018 inaomba kila kampuni itoe 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na tena iko na cahier des charges. Tuisome, tuiulize mu mikutano, sasa, wakati mawe ingali inatoka: maji, masomo, mashamba, kazi ya kesho. Siku mulango wa mine utafungwa, hakuna mukubwa atakaa kutusikiliza.