Mtafiti ana takwimu, nani anamsomea sheria?

Kuna swali vijana wa nyanya wananiuliza karibu kila msimu, na wana haki ya kuliuliza: "Afisa, watafiti wanakuja, wanatuhoji, wanapima, wanapiga picha matenga yaliyooza. Halafu? Mbona hakuna kinachobadilika?"

Jibu langu huwa ni kwamba takwimu peke yake haibadilishi kanuni. Mtafiti wa kilimo anaweza kukwambia kilo ngapi zimetupwa na zimetupwa wapi. Sasa kama zimetupwa kwa sababu kuna kifungu cha sheria kinamtisha mwenye duka, lazima apatikane mtu wa kukisoma hicho kifungu, ajue nani mwenye mamlaka ya kukibadilisha, na maneno mapya yaandikweje ili yasilete balaa lingine. Hiyo ni kazi ya mwanasheria. Na mwanasheria anauza muda wake. Bajeti ya utafiti ina mafuta ya gari, posho na vipimo vya maabara, fungu la wakili mara nyingi halimo.

Wenzetu Marekani wamelitafutia hilo njia, na inafaa kuijua kwa sababu mkulima naye amefaidika.

Katika Chuo Kikuu cha Harvard, kitivo cha sheria, kuna kliniki ya sheria na sera za chakula iliyoanza mwaka 2010. Usifikirie daktari. Kliniki ya sheria ni mahali ambapo wanafunzi wa uwakili wanafanya kazi halisi za wateja halisi, wakisimamiwa na mawakili waliokomaa, na mteja halipi ada. Mwanafunzi anapata uzoefu, mteja anapata uchambuzi ambao asingeumudu. Kliniki hii inaongozwa na mwanasheria Emily Broad Leib, na upotevu wa chakula ni moja ya kazi zake kubwa.

Chukua suala la tarehe kwenye pakiti. Watu wa mazingira wa shirika la NRDC walikuwa wanaona chakula kizuri kinatupwa kwa sababu tu tarehe imepita. Mwaka 2013 wakatoa ripoti pamoja na kliniki ile. Wanasheria waliingia kusoma sheria za jimbo moja baada ya lingine, kazi ya kuchosha kweli, na wakakuta vurugu tupu. Hakukuwa na sheria ya taifa zima juu ya tarehe hizo, isipokuwa kwa maziwa ya unga ya watoto wachanga. Kila jimbo lilikuwa na lake: Massachusetts masharti makali, New York jirani yake haidai chochote. Na tarehe nyingi zilipangwa na kiwanda chenyewe kuonyesha ubora, wala hazikuhusu usalama wa mlaji.

Mfano unaonikera zaidi ni wa maziwa ya Montana. Kanuni ya jimbo hilo ilisema maziwa yasiuzwe wala kutolewa msaada baada ya siku 12 tangu yachemshwe kiwandani. Yaani hata kama bado ni mazima, yamwagwe. Kwa mtaalamu wa maziwa hilo ni kosa la kisayansi. Kwa mwanasheria, ni sentensi iliyoandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya. Ukiwaweka hao wawili meza moja, mazungumzo yanabadilika.

Jambo la pili ni hofu ya kushtakiwa. Wenye maduka na wakulima walikuwa wanasema, "Nikigawa chakula mtu akaumwa tumbo, nitafilisika." Kumbe tangu 1996 ipo sheria ya taifa, inaitwa Sheria ya Bill Emerson, inayomkinga anayetoa chakula kwa nia njema, mradi hakufanya uzembe mkubwa au makusudi. Watu wengi hawakuijua, na ilikuwa na mapengo: ilimlinda anayepitishia chakula kwenye taasisi isiyo ya faida. Mkulima aliyempa mhitaji moja kwa moja alikuwa amebaki nje. Pengo hilo lilizibwa na marekebisho yaliyotiwa saini Januari 2023, na wazalishaji wa mazao wametajwa humo waziwazi. Mwishoni mwa 2015 walikuwa wameshapata na nafuu ya kodi ya kudumu kwa chakula wanachotoa msaada. Unaona? Masalo yakawa na thamani kwenye hesabu za mwaka.

Msidhani ni mteremko. Muswada wa tarehe za pakiti ulifikishwa Bunge la Marekani mwaka 2016 ukakwama, ukarudishwa tena na tena. California haikusubiri: Septemba 2024 ikapitisha sheria yake, ya kuanza kutumika Julai 2026, yenye maneno mawili tu yanayoruhusiwa, moja la ubora na lingine la usalama. Kutoka ripoti ya 2013 hadi hapo ni miaka 11. Mradi wa utafiti wa miaka mitatu hauwezi kukaa kwenye foleni hiyo peke yake.

Kazi hiyo imeshavuka mipaka. Tangu 2019 kliniki ile na mtandao wa kimataifa wa benki za chakula wanachambua sheria za utoaji chakula nchi kwa nchi: usalama, tarehe, kinga ya mtoaji, kodi, ruzuku, na kama kuna adhabu kwa anayetupa. Kenya imo.

Sisi je? Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ila hiyo ni kwa mtu asiye na uwezo wa kulipa wakili kwenye shauri lake. Mtafiti anayetaka kanuni ibadilike siye aliyelengwa pale. Na makosa ya mlango ni rahisi mno kufanya. Hadi katikati ya 2019 usalama wa chakula ulikuwa chini ya TFDA, kisha ukahamia TBS. Ukipeleka mapendekezo yako mazuri kwa ofisi ambayo haina tena mamlaka, yatapokelewa, yatagongwa muhuri, yatalala. Mwanasheria angekwambia hilo siku ya kwanza. Vyuo vyetu vina vitivo vya sheria, na Sokoine pale Morogoro wana watafiti wa mazao baada ya mavuno. Kuwakutanisha hakuhitaji mfadhili wa ng'ambo.

Nasema haya nikijua kuwa sheria kuwepo hakutoshi. Lumbesa imekatazwa na bado mnaijaza, mazao ya chini yanapondeka, dalali anacheka. Lakini pale ambapo kanuni yenyewe ndiyo mbovu, kukemea hakusaidii.

Kwa hiyo mtafiti akija shambani kwako msimu huu, usimpe "nyingi zilioza". Mwonyeshe daftari: tarehe, matenga mangapi yalikataliwa, nani aliyakataa na alitaja sababu gani. Kama mnunuzi alisema "tumekatazwa", andika alisema amekatazwa na nani, na karatasi yoyote aliyokuonyesha ipige picha. Mwanasheria anaanzia hapo. Halafu muulize mtafiti mwenyewe, kwa heshima, kama kwenye timu yake kuna mtu wa sheria. Akisema hayupo, mshauri aende kitivo cha sheria cha chuo chake kabla hajaandika ripoti, maana ikishachapishwa wengi huwa wameshahamia mradi mwingine.