Haki ya Mwalimu Mstaafu na Ahali Zake



Siku moja baada ya swala ya alasiri alitujia mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza atoke eda. Mumewe, Allah amrehemu, alisomesha katika shule za msingi za Pwani hii kwa zaidi ya miaka 30. Mama alikuwa na bahasha, na ndani yake mlikuwa na kila karatasi isipokuwa ile aliyoulizwa: cheti cha ndoa. Nikaha ilifungwa mbele ya mashahidi wema, walima ukaliwa, watoto watano wakazaliwa, lakini ndoa haikusajiliwa.

Kisa hicho ndicho kilichotufanya tuandike makala haya. Wengi hudhani haki za mwalimu mstaafu hupotea kwa kuwa sheria haipo. Sheria ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi, na karatasi ikikosekana wanaoumia ni wajane na mayatima.

Sheria mbili za pensheni

Walimu wetu leo wamo chini ya sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Pensheni ya zamani, Sura ya 189, ambayo chini yake hazina ya serikali ndiyo hulipa pensheni. Mshahara wa msingi wa mwisho, kwa mwaka, huzidishwa kwa miezi aliyotumikia mwalimu, kisha hugawanywa kwa 480. Mwalimu aliyetumikia miaka 30, na mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, hustahiki shilingi 540,000 kwa mwaka. Akiachia robo yake, robo hiyo huzidishwa kwa 20, akapewa kiinua mgongo cha shilingi 2,700,000, na kila mwezi akabaki na shilingi 33,750. Akifariki, wategemezi wake hulipwa pensheni hiyo kwa miaka mitano, kisha hukoma. Mke na aijue hesabu hii mapema, asije akaijua akiwa mjane.

Ya pili ni sheria ya mwaka 2012 ya mpango wa malipo ya uzeeni kwa watumishi wa umma, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2021. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa wote. Waliozidi umri huo walipewa hiari. Makato ya mwalimu yalianza kwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi, yakapanda hadi 5, na tangu mwaka wa tatu ni 7.5, serikali humuongezea 15. Akistaafu huweza kuchukua hadi thuluthi moja kwa mkupuo, na zilizobaki akalipwa kidogo kidogo.

Hapa pana jambo ambalo akina mama hawaulizwi. Mstaafu anaponunua malipo ya kila mwezi kwa kampuni ya bima, huchagua. Yapo malipo ya uhai wake peke yake, ambayo ni makubwa kidogo, lakini hukatika akifariki, au muda wa dhamana ukiisha. Yapo ya uhai wa wawili, ambayo ni madogo kidogo, lakini humfuata mjane mpaka mwisho wa umri wake. Sahihi ni ya mume, na athari ni ya mke. Basi mashauriano ya nyumbani yatangulie sahihi. Na mwalimu akiwa ni mke, hukumu ni ile ile.

Matibabu

Mwalimu akiwa kazini hutibiwa yeye na ahali zake kwa bima ya mwajiri. Bima hiyo huisha pamoja na kazi, katika umri ambao sukari na presha ndiyo kwanza zabisha hodi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, NHIF imeondoka na pahala pake pameshikwa na SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, akalipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mshahara ukikatika, makato nayo hukatika. Asiyehakikisha usajili wake ataipata khabari hiyo mbele ya dirisha la hospitali, mgonjwa akiwa mikononi.

Walio kazini bado wana fursa. Marekebisho ya sheria za kodi ya Desemba 2024 yameruhusu hadi shilingi 15,000 kwa mwezi, zinazowekwa katika mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu, zisitozwe kodi.

Jina lililoandikwa

Katika mipango hii ya akiba, sheria humtazama kwanza aliyeandikwa katika fomu ya wanufaika. Tumeona fomu iliyojazwa na kijana wa miaka 25, akaandika jina la mamake. Akaoa, akazaa, akazeeka, na fomu ikabaki vile vile. Katika dini yetu, akiba ya marehemu ni mirathi: mjane ana thumni mumewe akiacha watoto, na robo asipoacha, wakiwa wake wawili hugawana fungu hilo. Kwa rai yetu, aliyeandikwa jina amebeba amana ya wenziwe, hakupewa iwe yake pekee. Palipo na shaka, kadhi aulizwe kabla fedha hazijaguswa.

Tunawausia, ndugu na mama zetu: sajilini nikaha, kama Sheria ya Ndoa ya 2014 inavyotaka. Tazameni majina yalingane. Mwanaisha wa kitambulisho na Mwana Aisha wa cheti ni watu wawili mbele ya karani. Ifungueni tena ile fomu ya zamani, na mke aijue bahasha inapowekwa.

Mama yule alikwenda kwa kadhi. Shahidi mmoja wa nikaha alikwisha kutangulia mbele ya haki. Wa pili alipatikana Malindi, mzee asiyeona vyema, na kwa ushahidi wake ndoa ikathibitishwa. Haki ya familia nzima ilining'inia kwenye pumzi za mzee mmoja. Mola wetu ametuamrisha katika Suratul Baqara tuandike hata deni dogo. Haki ya mke na mtoto ina haja zaidi ya kuandikwa.

Wabillahi tawfiq.