Kulala Dar es Salaam kwa bei nafuu: swali la kwanza ni mzigo utalala wapi

Mabasi yanayotoka njia za Tunduma, Namanga, Mutukula na Rusumo huwaleta Dar es Salaam wafanyabiashara wengi wanaofuata bidhaa Kariakoo. Wapo wanaotoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, Bujumbura, Kigali na Kampala, na wapo wanaovuka bahari kutoka Comoro. Wengi wao hufika wakijua vizuri bei ya vitenge, viatu au vyombo vya plastiki, na hata duka la kuanzia wanalijua. Lakini suala la kulala huachiwa bahati: gesti ya kwanza anayoionyesha dereva wa teksi ndiyo hiyo hiyo.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hilo si jambo la kupuuza, kwa sababu fedha ya malazi huishia kwenye bei ya bidhaa. Aliyenunua magauni 100 na kutumia shilingi 200,000 kwa kulala ameongeza shilingi 2,000 kwenye kila gauni kabla hajalipa nauli, ushuru wala kodi ya meza sokoni kwao. Mwenzake aliyelala kwa nusu ya fedha hiyo anaweza kuuza kwa bei ya chini na bado akapata faida ile ile.

Makala haya yanaeleza namna ya kupata chumba cha bei ya haki Dar es Salaam, na kwa nini chumba cha bei ya chini kabisa wakati mwingine ndicho kinachomgharimu mtu zaidi.

Hesabu ya safari nzima

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei za vyumba peke yake. Kinachotakiwa kulinganishwa ni gharama yote tangu kushuka kwenye basi hadi kupanda tena.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayelala siku tatu na kununua bidhaa kwa siku mbili. Bei zilizotumika hapa ni za kuonyesha hesabu tu. Chumba cha kwanza kipo Kariakoo, kwa shilingi 45,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Chumba cha pili kipo Mbezi, karibu na kituo kikuu cha mabasi, kwa shilingi 25,000 bila chai.

Chumba cha Kariakoo ni shilingi 135,000 kwa siku tatu. Mfanyabiashara akilipa mkokoteni shilingi 5,000 kila siku kupeleka mzigo hotelini, jumla inakuwa 145,000.

Chumba cha Mbezi ni shilingi 75,000. Lakini atalipa basi la asubuhi shilingi 1,000 kwa siku mbili, bajaji ya kurudi na mzigo shilingi 20,000 kwa siku mbili, na chai shilingi 5,000 kwa siku tatu. Siku ya mwisho itabidi arudishe mzigo wote Kariakoo kwa wakala wa usafirishaji, kwa shilingi 25,000. Jumla inafika 157,000. Chumba kilichoonekana nafuu kimezidi kwa shilingi 12,000, mbali na saa zilizopotea kwenye foleni ya barabara ya Morogoro.

Hata hivyo, hesabu hiyo hubadilika kabisa ikiwa mzigo haurudi na mwenyewe. Mfanyabiashara akikubaliana na mwenye duka au wakala ahifadhi bidhaa mpaka zifungwe, atakwenda na kurudi kwa basi mikono mitupu. Hapo Mbezi itamgharimu shilingi 75,000 za chumba, 4,000 za basi na 15,000 za chai, yaani 94,000. Sasa Mbezi ni nafuu kwa zaidi ya shilingi 40,000, na asubuhi ya kuondoka yupo hatua chache kutoka kwenye basi.

Ndiyo maana wazoefu wa njia hii, kabla ya kuuliza bei ya chumba, huuliza mzigo utalala wapi. Anayejua jibu la swali hilo anajua pia alale mtaa gani.

Mitaa na tabia zake

Kariakoo na Gerezani zina gesti na hoteli za ghorofa zilizobanana katikati ya maduka. Bei huwa juu kidogo kwa ubora ule ule, na kelele za magari na wapakiaji huanza mapema. Zinamfaa anayenunua kidogo kidogo na kuweka mzigo chumbani. Kabla ya kulipa, inafaa aulize chumba kipo ghorofa ya ngapi na kama lifti inafanya kazi. Chumba cha ghorofa ya tano bila lifti maana yake ni kumlipa mpagazi kupandisha na kumlipa tena kushusha.

Kisutu na mitaa inayopakana na Mnazi Mmoja ni upande wa pili wa Kariakoo, mwendo wa miguu. Huko zipo hoteli za kati zenye mapokezi ya saa 24, na ni karibu na benki, maduka ya kubadilisha fedha na bandari ya boti za Zanzibar.

Ilala, Buguruni, Magomeni na Manzese zina gesti nyingi za bei ya chini, na Kariakoo ni basi moja tu. Wakati wa masika, anayelala Magomeni au Manzese akumbuke bonde la Jangwani. Mara kadhaa katika miaka iliyopita mvua kubwa zimefunga barabara ya Morogoro hapo na kuwaacha watu upande usio na soko. Katika miezi ya Machi hadi Mei, Ilala ni salama zaidi kwa mwenye siku chache.

Sinza, Shekilango, Ubungo na Mbezi zinamfaa anayesafiri kwa basi na asiyebeba mzigo. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani na nchi jirani kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Aliyezoea kushuka Ubungo na kulala karibu na kituo cha zamani inabidi apange upya. Wapo pia wanaofuata bidhaa Ubungo kwenyewe, kwenye kituo kikubwa cha biashara kilichozinduliwa mwaka 2025 pale palipokuwa kituo cha mabasi. Kwao kulala Kariakoo hakuna maana.

Aidha, anayepitia Dodoma anaweza kumalizia safari kwa treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024. Stesheni yake ipo katikati ya jiji, hivyo abiria huyo hana sababu ya kurudi nyuma Mbezi kutafuta chumba.

Aina nyingine isiyofahamika sana kwa wageni ni hosteli za taasisi za dini na jumuiya, kama vile Msimbazi Centre iliyopo Ilala na YWCA ya katikati ya jiji. Vyumba ni vya kawaida, lakini mara nyingi mazingira yake ni ya heshima. Wanawake wengi wanaosafiri peke yao huzipendelea kwa sababu hiyo. Vyumba vyake hujaa upesi, hivyo ni vizuri kupiga simu mapema.

Siku na saa ya kufika

Gesti nyingi humtaka mgeni aondoke saa nne asubuhi. Anayefika saa kumi na moja alfajiri na kuchukua chumba papo hapo anaweza kujikuta amelipa usiku mzima kwa saa tano za usingizi. Jambo hili limekuwa la kawaida zaidi tangu mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku mwaka 2023. Dawa yake ni kuzungumza kabla ya kufika: mhudumu akubali kuhifadhi begi na kumruhusu mgeni aoge, kisha chumba kianze kuhesabiwa mchana. Gesti nyingi hukubali zikiombwa, lakini ni nadra mhudumu kulisema mwenyewe.

Siku ya juma nayo ina bei yake. Si kila duka la jumla hufungua Jumapili, kwa hiyo anayefika Jumamosi usiku anaweza kulipia siku nzima ya kukaa bure. Kufika Jumapili jioni au Jumatatu kunaokoa fedha hiyo. Kwa upande mwingine, hoteli za katikati ya jiji zinazotegemea watu wa mikutano hupoa kuanzia Ijumaa, na hapo ndipo meneja yuko tayari kushusha bei.

Zipo pia nyakati za kukwepa. Maonyesho ya Sabasaba katika viwanja vya barabara ya Kilwa huanza Juni 28 na kufikia kilele Julai 7, na huendelea hadi siku chache baada ya hapo. Wiki za kuelekea Idi na Krismasi, wanunuzi hujaa Kariakoo kutoka kila upande. Asiyeweza kukwepa nyakati hizo aweke nafasi mapema na aombe jina lake liandikwe pamoja na bei waliyokubaliana.

Mtandao kwa kutafuta, simu kwa kupatana

Mitandao ya kuweka nafasi kama Booking.com ni msaada mkubwa kwa mtu aliye Lubumbashi au Kigali. Huonyesha ramani, picha na maoni ya waliolala hapo. Maoni ya miezi ya karibuni ndiyo ya kusoma, hasa yanayozungumzia maji, kelele na usalama. Picha nzuri inaweza kuwa ya siku hoteli ilipofunguliwa.

Lakini mtandao una mkono wake kwenye bei. Hoteli hulipa kamisheni kwa kila mgeni anayeletwa, na mara nyingi ni kama asilimia 15. Mgeni anayepiga simu moja kwa moja anampa mwenye hoteli nafasi ya kumwachia sehemu ya fedha hiyo. Mazungumzo huwa mafupi:

"Dada, nimeona chumba chenu mtandaoni kwa elfu hamsini. Nakuja siku tatu, nitalipa zote siku nikifika. Bei ya mwisho ngapi?"

"Lete elfu arobaini na tano, mama, na chai ya asubuhi ipo."

Yapo mambo matatu yanayoshusha bei: kukaa siku nyingi, kulipa mara moja, na kuahidi kurudi. Mfanyabiashara anayekuja kila mwezi ana nguvu kuliko mtalii, kwa kuwa meneja anajua vyumba kumi na mbili kwa mwaka si haba. Wawili wanaoaminiana wakishirikiana chumba cha vitanda viwili, kila mmoja hulipa kidogo zaidi.

Baadhi ya hoteli huweka bei mbili, moja ya wenyeji na nyingine ya wageni. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki aulize kama ipo bei ya Afrika Mashariki. Wakongomani pia waulize, kwani nchi yao iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022. Hoteli hailazimiki kumpa, lakini asiyeuliza hapati.

Shilingi, dola na risiti

Kanuni zilizotangazwa Tanzania Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kupokea malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Mgeni anayetajiwa dola mapokezini ana haki ya kuomba bei ya shilingi. Fedha ibadilishwe benki au kwenye duka lenye leseni. Kwenye kiwango cha ubadilishaji cha mezani, elfu kadhaa hupotea bila mtu kujua.

Akiombwa malipo ya awali kwa simu, asitume fedha kwenye namba ya mtu binafsi aliyokutana nayo mtandaoni. Aombe Lipa Namba ya hoteli, na kabla ya kuweka namba ya siri asome jina linalotokea. Jina likiwa tofauti na la hoteli, asimame hapo hapo na kupiga simu mapokezi. Baada ya kulipa adai risiti ya EFD, na aulize mapema kama bei aliyotajiwa imejumuisha kodi.

Kukagua kabla ya kulipa

Dakika tano za kukagua zinatosha. Afungue bomba aone maji, aulize kama kuna tangi, awashe feni, ajaribu kufuli na dirisha. Atazame kama chini au jirani kuna baa, maana muziki wa usiku huila siku ya kesho sokoni. Gesti inayopangisha vyumba kwa saa chache mchana haifai kwa mwenye mali, kwa sababu wanaoingia na kutoka ni wengi mno.

Kuhusu fedha, mapokezi mengi yana tangazo kwamba hoteli haitahusika na upotevu wa mali ambayo haikukabidhiwa. Tangazo hilo lichukuliwe kwa uzito. Kama hakuna sanduku la kuhifadhia na hati ya mapokezi, fedha ya mtaji ni bora ibaki benki au kwenye simu, itolewe kidogo kidogo siku ya kununua. Aidha, mgeni asiache pasipoti mapokezini kama dhamana. Kuandikwa kwenye daftari la wageni kunatosha.

Mwisho wa safari, mfanyabiashara aandike kwenye daftari lake jina la gesti, namba ya simu, bei aliyolipa na jina la mhudumu aliyempokea. Safari ijayo simu moja kwa mhudumu huyo itampatia chumba akiwa bado upande wa pili wa mpaka, na shilingi zilizobaki zitarudi mahali pake: kwenye mzigo.