Kuweka mfumo endeshi mwenyewe: hatua mbili tu za kuogopa

Mama yangu mdogo anaishi Ngana, wilayani Kyela, na kwa miaka mitatu alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Hesabu zote za kikundi alizitunza kwenye kompyuta mpakato ya mtumba: hisa za kila mwanachama, mikopo, riba, hadi faini za kuchelewa kikao. Baadaye kompyuta ikawa nzito. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, bado inajivuta. Akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akaitazama, akasema, "Hii ni ya kupiga Windows tu, mama." Akalipa, jioni akarudi nayo nyumbani. Ilikuwa inawaka haraka ajabu. Na ilikuwa tupu.

Fundi hakuwa mwizi. Alifanya alichoombwa, ila hakuuliza swali moja, na mama mdogo hakujua kwamba kuna swali la kuulizwa. Kikundi kilikaa vikao viwili kikijenga hesabu upya kutoka kwenye vijitabu vya wanachama, na mikopo miwili hadi leo ina maneno.

Watu wengi huona kazi hii kama uchawi wa fundi: kioo cheusi, maandishi meupe, usiguse chochote. Ukweli ni kwamba katika kazi nzima ya kuweka mfumo endeshi kuna hatua mbili tu zinazofuta vitu moja kwa moja. Ukizijua hizo mbili, kwingine kote unaweza kukosea, ukarudi nyuma, ukaanza tena. Twende pole pole.

Mfumo endeshi ni nini hasa?

Fikiria ghala la mpunga. Magunia ni ya wakulima wengi, na msimamizi ana daftari linaloonyesha gunia la nani liko wapi. Bila msimamizi, magunia yapo lakini hakuna anayejua achukue lipi.

Diski ya kompyuta ndiyo ghala. Mafaili yako ndiyo magunia. Mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au macOS, ndiye msimamizi: anapokea maombi ya programu, anagawa nafasi, anazungumza na kioo, kibodi na printa. RAM nayo ni jamvi la kuanikia mpunga uani. Kazi hufanyika pale juu ya jamvi, lakini mvua ikinyesha, yaani umeme ukikatika, kilichobaki juu ya jamvi kimekwenda. Ndiyo maana barua ambayo hujaihifadhi hupotea kompyuta ikizima ghafla, na ile uliyoihifadhi hubaki.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, anayeamka kwanza si msimamizi. Ni programu ndogo iliyo ndani ya ubao mkuu wa kompyuta, wengi huiita BIOS ingawa kwenye mashine za miaka ya karibuni jina lake ni UEFI. Kazi yake ni kukagua vifaa, kisha kutafuta msimamizi yuko wapi: kwenye diski, au kwenye flashi uliyochomeka. Hapo ndipo tunapopata mlango.

Kwa nini watu wanauliza sana sasa hivi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, ila haipati tena viraka vya usalama bure kama zamani. Windows 11 nayo ina masharti: RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida kizazi cha nane kwenda mbele. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa mitaani kwetu haziyafikii.

Wengine hukimbilia Windows ya kuchakachua. Tusidanganyane, wengi wetu tumepita huko. Lakini programu inayovunja kufuli la Windows inaomba mamlaka yote ya kompyuta, na hujui imeleta nini kingine ndani.

Njia nyingine ni Linux, ambayo ni ya bure kihalali. Kwa mfano nitatumia Linux Mint, toleo la 22 lililotoka 2024 na litakalopata masasisho hadi 2029. Inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, GB 4 ndiyo raha, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Kwa mashine dhaifu chagua ladha yake iitwayo Xfce. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, jina lenye maana ya utu katika lugha za kusini mwa Afrika. Mnyakyusa anayemwita mtu *umundu* hatahitaji kufundishwa neno hilo.

Nakala kwanza

Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yako yote ya muhimu kwenye flashi au diski ya nje, kisha *yafungue kutoka huko*, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo hujaifungua bado ni tumaini tu. Usiishie kwenye folda ya Documents. Angalia Desktop, Downloads, Pictures, na diski D kama ipo.

Hatua ya kwanza ya kuogopa: flashi

Faili la Mint ni kubwa, karibu GB 3. Kama bando ni la mawazo, lipakue ukiwa mjini au chuoni, au chukua kwa rafiki. Ukilichukua kwa mtu, lihakiki. Tovuti ya Mint huonyesha msimbo mrefu wa herufi na tarakimu uitwao sha256, ambao ni kama alama ya kidole ya faili. Programu ya Rufus inaweza kukokotoa alama ya faili ulilo nalo. Zikifanana, faili ni salama na halijakatika njiani. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, lifute utafute jingine.

Kunakili faili hilo kwenye flashi kama unavyonakili wimbo hakutoshi. Lazima liandikwe kwa Rufus au Etcher ili kompyuta iweze kuwaka kupitia flashi hiyo. Sasa sikiliza: kitendo hiki kinafuta kila kitu kilichokuwa kwenye flashi. Kwa hiyo usitumie ile uliyowekea nakala zako. Tafuta nyingine, ya GB 8 inatosha, na chomoa flashi zote zisizohusika ili usichague isiyo yake.

Tembea kwanza, hamia baadaye

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12. Kwa HP ni Esc kisha F9. Chagua flashi kwenye orodha.

Baada ya dakika chache utaona Mint ikiwa wazi kabisa, na *hujasakinisha chochote*. Mfumo unatembea kutoka kwenye flashi na kwenye RAM. Jamvi jipya limetandikwa uani, ghala halijaguswa. Jaribu WiFi, sauti, kamera, mwanga wa kioo. Zima, chomoa flashi, washa: Windows yako iko vilevile. Angalizo ni moja: kutoka humo unaweza pia kuifungua diski ya kompyuta na kuona mafaili yako, kwa hiyo ukifuta faili humo kwa mkono wako, limefutika kweli.

Mlango huohuo ni mkombozi. Kama Windows imegoma kuwaka kabisa, mara nyingi mafaili bado yapo. Msimamizi kaugua, magunia hayana shida. Washa kwa flashi, fungua diski, nakili mafaili kwenye flashi ya pili. Isipokuwa diski iwe imefungwa kwa BitLocker, hapo utahitaji ufunguo wake wa kurejesha. Mama mdogo angefanyiwa hivi kwanza, tusingekuwa na hadithi.

Hatua ya pili ya kuogopa: neno Erase

Umeridhika? Bofya Install Linux Mint. Utaulizwa lugha, kibodi na WiFi. Kisha unafika kwenye ukurasa unaoamua kila kitu, wenye chaguo hizi:

- *Install alongside Windows*: Mint inakaa kando ya Windows, na kila ukiwasha unachagua yupi aamke.
- *Erase disk*: futa diski yote, anza upya.
- *Something else*: gawanya nafasi mwenyewe. Kama ni mara yako ya kwanza, achana nayo.

Katika Kiingereza chote cha kazi hii, neno la kulijua kwa moyo ni *Erase*, yaani futa. Ukilichagua na kubofya Install Now, kompyuta itakuuliza mara ya mwisho kama mabadiliko yaandikwe kwenye diski. Hadi hapo bado unaweza kurudi nyuma. Ukibofya Continue, daftari la ghala limechanwa.

Nimesema daftari kwa makusudi. Kufuta diski kwa haraka hakuteketezi magunia yote papo hapo, kunaondoa kumbukumbu ya yalipokuwa. Ndiyo maana wakati mwingine mtaalamu anaweza kurudisha baadhi ya mafaili, ikiwa kompyuta itaachwa kutumika mara moja, kwa kuwa kila faili jipya linaweza kukalia mahali pa la zamani. Kwenye diski za kisasa za SSD matumaini ni madogo zaidi, maana zenyewe husafisha sehemu zilizoachwa wazi. Usitegemee bahati hiyo.

Hakikisha pia diski uliyochagua ndiyo yenyewe. Itambue kwa ukubwa. Usishtuke namba zikitofautiana: diski ya GB 500 Windows huionyesha kama 465 hivi, kwa sababu wanahesabu kwa vipimo viwili tofauti.

Na umeme? Sisi wa Kyela tunaijua masika, mvua ya Machi hadi Mei haina adabu. Betri za mtumba nyingi zimechoka, kwa hiyo ipime kabla: chomoa chaja uone inahimili dakika ngapi. Usakinishaji huchukua kati ya dakika 10 na nusu saa hivi. Umeme ukikatika ulipochagua kufuta diski yote, kompyuta haijafa. Washa tena kwa flashi uanze upya. Lakini ukikatika wakati Windows inasogezwa ili kuipisha Mint, mafaili ya Windows yanaweza kuharibika. Kwa hiyo kama kuna radi, ahirisha. Kesho ipo.

Kutembea ndani

Baada ya hapo utachagua saa za Dar es Salaam, jina na nywila. Nywila iandike mahali, maana utaombwa kila unapoweka programu mpya. Hilo si usumbufu: ni msimamizi anayeuliza kabla ya kumruhusu mtu kuingia ghalani.

Menyu iko kona ya chini kushoto. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows kwenye kibodi nayo hufunguka, andika jina la programu, bonyeza Enter. Hutaona diski C. Linux hupanga kila kitu kama mti mmoja: shina lake ni alama ya mkwaju, /, na matawi hutokea hapo. Tawi lako ni folda ya Home, na mafaili yako yote hukaa humo. Flashi ukiichomeka hujitokeza yenyewe. Kabla ya kuichomoa, bofya alama ya kuitoa, kwani kompyuta inaweza kuwa haijamaliza kuandika.

Programu usizitafute ovyo mtandaoni. Ziko kwenye Software Manager. LibreOffice imo tayari na hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa wakati mwingine huhama kidogo. Kama Kiingereza cha menyu kinakuchosha, ujue tulishaanza safari. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kwenye LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, Kiswahili bado ni moja ya lugha unazoweza kuongeza.

Na kama utakwenda kwa fundi tu?

Nenda, hakuna ubaya. Mafundi wanatusaidia sana, na si kila mtu ana siku nzima ya kukaa na flashi. Ila sasa unalijua swali. Kabla hujamwachia kompyuta, mwambie, "Fundi, utafuta diski au hutafuta? Na kama utafuta, mafaili yangu utayaweka wapi?" Ukirudi kuichukua, usitazame kwanza inawaka haraka kiasi gani. Mwombe akufungulie faili moja ulijualo. Mama mdogo siku hizi huanza na lile la mikopo.