Mavuno ya Mwaka Mmoja, Chupa Zisizofanana

Port ni mvinyo mtamu wenye kilevi cha takriban asilimia 20, unaotengenezwa katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, kwa kumimina pombe kali ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77 katika maji ya zabibu yanayochachuka, ili chachu ife kabla haijaimaliza sukari. Katika miaka iliyo bora, kampuni hutenga sehemu ndogo ya mvinyo huo kuwa Vintage, yaani mvinyo wa mavuno ya mwaka mmoja, ambao hukaa katika vyombo vya mbao kwa miaka miwili hivi, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa na kuachwa humo kwa miongo kadhaa.

Mnunuzi hutarajia kwamba chupa mbili zenye jina la kampuni moja na mwaka mmoja zitafanana, lakini historia ya ujazaji haiyapi matarajio hayo msingi imara. Hadi mavuno ya 1970, sehemu kubwa ya mvinyo huo ilisafirishwa kwenda Uingereza ingali katika mapipa ya lita 534 hivi, na wafanyabiashara wa huko, kama vile Berry Bros & Rudd wa London na Harveys wa Bristol, ndio walioujaza katika chupa na kuuziba kwa vizibo walivyovichagua wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Kuanzia mavuno ya 1975, kwa mujibu wa sheria, ujazaji wote umefanyika Ureno.

Tofauti hizo za mikono zilikuwa na uzito kwa sababu ya oksijeni. Mvinyo unapohamishwa kutoka pipa hadi chupa hugusana na hewa, na kiasi cha oksijeni kinachoyeyuka ndani yake hutegemea kasi ya umiminaji, joto la ghala na nafasi inayobaki chini ya kizibo. Oksijeni hiyo husaidia kugeuza sehemu ya kilevi kuwa asetaldehidi, kemikali inayounganisha anthosianini, ambazo ni rangi nyekundu za ganda la zabibu, na tanini, ambazo ndizo zinazoleta ukakasi mdomoni. Muungano ukiwa wa kiasi, rangi huimarika na ukakasi hulainika. Oksijeni ikizidi, rangi hupauka na mvinyo huelekea ladha ya njugu na matunda makavu, ambayo ni sifa njema kwa Tawny, aina ya Port inayozeeka katika mapipa, ila kwa Vintage ni dalili ya uzee wa mapema. Molekuli zilizoungana zikikua mno hushindwa kuelea, zikatuama na kuwa yale mashapo mazito yanayofahamika katika chupa kuukuu.

Sheria hiyo ya kujaza Ureno pekee iliondoa chanzo kimoja tu cha tofauti, na pengine hicho hakikuwa kikubwa kuliko vyote. Kizibo hukatwa katika gome la mti wa jamii ya mwaloni, na kwa kuwa gome ni kitu cha asili, hakuna vizibo viwili vinavyopitisha hewa kwa kiwango sawasawa. Zaidi ya hayo, kizibo kinapobanwa shingoni mwa chupa hutoa oksijeni iliyokuwa katika vijitundu vyake, hasa miezi ya mwanzo. Vizibo vingine hubeba kemikali ya trikloroanisoli, inayotokana na kuvu na inayoharibu harufu hata ikiwa nanogramu chache tu kwa lita. Ghala lenye joto nalo huharakisha mabadiliko yote hayo.

Kwa hiyo maelezo ya mwonjaji kuhusu Port ya 1963 ni maelezo ya chupa aliyoifungua, na si haki kuyafanya hukumu ya mavuno mazima. Ndiyo maana orodha za minada, pamoja na kutaja kampuni na mwaka, hutaja pia aliyeijaza chupa na kimo cha mvinyo shingoni. Na pale lebo ya karatasi inapokuwa imeoza au haikuwapo kamwe, jambo la kawaida kwa chupa za zamani, wataalamu husoma alama iliyopigwa kwenye kizibo chenyewe.