Kimpa Vita katika Hati za Wapinzani Wake

Mtafiti wa historia ya dini katika Ufalme wa Kongo hukabiliwa mapema na tatizo gumu. Kimpa Vita, aliyebatizwa Beatriz, hana andiko lake mwenyewe linalojulikana. Karibu habari zake zote zimo katika taarifa za mapadri wawili Waitaliano wa shirika la Wakapuchini, Bernardo da Gallo na Lorenzo da Lucca, ambao walimhesabu kuwa mzushi. Tarehe 2 Julai 1706 alichomwa moto, na taarifa hizo ndizo zilizobaki.

Je, ushahidi wa mpinzani utupwe? La, ila usomwe kwa hadhari. Bernardo aliandika, kwa dharau isiyofichika, kwamba mwanamke huyo alifundisha kuwa Yesu alizaliwa Mbanza Kongo na kubatizwa Nsundi. Kwake huo ulikuwa ujinga mtupu. Lakini tangu vita vya Mbwila vya mwaka 1665 ufalme ulikuwa umepasuka kwa ugomvi wa kugombea kiti, na mji mkuu huo, ulioitwa pia São Salvador, ulikuwa umehamwa. Kimpa Vita, aliyedai kuwa Mtakatifu Antoni amemwingia, aliwaita watu warudi kuukaa. Kuuita mji wa magofu mahali alipozaliwa Mwokozi kulikuwa kuupa haki ya kufufuka. Msikilizaji wa Kikongo hakuhitaji kufafanuliwa.

Hali kadhalika sala aliyoibadilisha, ambayo Bernardo aliinakili kwa Kiitaliano kama ushahidi wa kosa, husisitiza kwamba Mungu hutazama nia, na kwamba ubatizo na maungamo peke yake havifai kitu. Padri aliihifadhi ili kumlaumu. Kama asingekuwa na hasira hiyo, huenda sala isingalitufikia.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika lugha, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Kabla ya mwaka 1704, Kimpa Vita alikuwa nganga marinda. Wamisionari waliwaita waganga wa namna hiyo wachawi. Hata hivyo, katika Kikongo cha Wakristo padri naye aliitwa nganga, na kanisa liliitwa nyumba ya nkisi, neno lile lile lililotumika kwa vifaa vitakatifu vya jadi. Katekisimu ya Kikongo iliyochapwa Lisbon mwaka 1624 inaonyesha jinsi msamiati wa dini ya kale ulivyobebeshwa imani mpya. Basi anayefasiri nganga kwa «mchawi» amekwisha kutoa hukumu pamoja na Wakapuchini. Anayeandika «mganga», neno la asili moja na lile la Kikongo, yu karibu zaidi, ingawa anampoteza padri aliyemo ndani yake. Pengine ni afadhali neno lenyewe libaki lilivyo, na maelezo yafuate.

Wafuasi wake walishikilia Mbanza Kongo hadi mwaka 1709, Mfalme Pedro wa Nne alipoutwaa. Nje ya hati zipo pia sanamu ndogo za Mtakatifu Antoni, za shaba na za pembe, ziitwazo Toni Malau, zilizohifadhiwa katika makumbusho. Nyingi hazina tarehe ya hakika, kwa hiyo haifai kuziita za Waantoni wake kwa sababu ya jina tu.