Je, Wajua? Usukani Mzito Huficha Mengi

Kwenye vibanda vya PlayStation vya Buruburu, Umoja na Kayole, kandanda ndiyo hutawala. Lakini palipo na usukani wa gemu za magari, mgeni hukimbilia kupandisha kipimo cha nguvu ya usukani hadi 100, akidhani uzito ndio uhalisia. Sivyo. Mota za usukani wa Logitech G29, kwa mfano, hufikia kikomo kwenye nyutoni-mita 2 hivi. Gemu ikidai zaidi ya hapo, hazina cha kuongeza: kona kali na jiwe la barabarani vyote vinafika mkononi kwa uzito uleule.

Ingia kona ndefu ya kasi, kisha punguza nguvu hiyo kidogo kidogo mpaka uhisi usukani ukilegea pale matairi ya mbele yanapoanza kuteleza. Kulegea huko ndiko kunakokuonya, tena mapema kuliko macho. Kwenye mipangilio pia kuna kipimo cha nguvu ya chini kabisa; kikizidi, usukani hutikisika wenyewe kulia na kushoto gari likienda moja kwa moja. Wengi hudhani umeharibika.

Pa kujaribia haya yote ni kwenye barabara za nyumbani, Kenya. Gemu ya mbio za magari ya WRC 9 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Safari Rally, ilhali mashindano yenyewe, yaliyoahirishwa mwaka huo kwa sababu ya korona, yalirejea kwenye ubingwa wa dunia Juni 2021. Wachezaji walishakula vumbi la Kenya miezi kadhaa kabla ya dereva Sébastien Ogier kuja kushinda.